"Babu Yetu Alitoka Shirazi": Uchunguzi wa Ukweli wa Hadithi ya Ukoo

Utangulizi

Ni nadra kukuta ukoo wa kale katika mwambao wa Afrika ya Mashariki usiokuwa na hadithi ya asili yake. Kutoka Lamu hadi Kilwa, na kutoka Unguja na Pemba hadi visiwa vya Ngazija, hadithi iliyoenea kuliko zote ni ile isemayo kwamba babu wa ukoo alikuja kwa jahazi kutoka Shirazi, katika nchi ya Uajemi. Husimuliwa harusini na matangani. Hutajwa pale watu wanapobishania kiwanja au heshima. Na katika baadhi ya nyumba huhifadhiwa kwa maandishi ya Kiarabu ndani ya sanduku, pamoja na hati za mashamba.

Mimi mwenyewe nilikulia katika nyumba ya namna hiyo. Bibi yangu mzaa baba aliweza kuhesabu majina ya wazee, mwana bin baba, bila ya kusita, mpaka akafika kwa mtu aliyemtaja kwa neno moja tu: Mshirazi. Siku moja nilimwuliza, "Bibi, na wake zao walikuwa nani?" Alinitazama kidogo, kisha akajibu, "Hao, mwanangu, walikuwa wa hapa hapa," akaendelea kuchambua mchele wake. Wakati ule niliona kwamba hajanijibu. Insha hii ni jaribio la kueleza kwa nini sasa naona kwamba alinijibu.

Swali tunalolikabili ni hili: je, hadithi ya Mshirazi ni ya kweli? Nitajaribu kuonyesha kwamba swali hilo likiulizwa kwa jumla namna hiyo halijibiki, bali likigawanywa katika sehemu zake laweza kujibiwa kwa kiasi kikubwa. Nitapitia ushahidi wa aina nne: matoleo ya hadithi yenyewe, vitu vilivyofukuliwa ardhini, lugha, na mwisho mifupa ya wafu.

Kabla ya kuingia katika kiini cha mjadala, hapana budi kutaja kwamba swali hili halijapata kuwa la kitaaluma tu. Katika zama za ukoloni watu wa pwani waligawanywa kisheria kwa asili zao, na asili ikawa na bei yake: ndiyo iliyoamua mtu atozwe kodi gani, ahukumiwe na mahakama ipi, na kama atapewa sauti katika baraza au atanyimwa. Si ajabu kwamba wengi walizishika nasaba zao kwa mikono miwili. Kule Zanzibar jina la Shirazi liliingia hata katika jina la chama cha siasa, Afro-Shirazi, kilichoundwa mwaka 1957. Baada ya uhuru upepo uligeuka. Aliyesema babu yake alitoka ng'ambo aliweza kujibiwa kwamba basi na arudi huko. Hivyo hadithi ile ile iliyokuwa ngao ikageuka kuwa mzigo, na wasomi nao, kwa nia njema ya kuutetea Uafrika wa pwani, wakaelekea kuitupilia mbali. Pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja ambalo hazikulichunguza: kwamba ikiwa hadithi ni ya kweli, basi watu wa pwani ni wageni. Dhana hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga.

Matoleo ya hadithi

Kanuni ya kwanza ya mwenye kuchunguza simulizi ni kutolitegemea toleo moja. Kwa bahati njema, hadithi ya Washirazi wa Kilwa tunayo katika matoleo kadhaa yaliyoandikwa kwa nyakati na lugha mbalimbali. Mreno João de Barros aliiingiza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1552. Toleo la Kiarabu, Kitab al-Sulwa, lilitungwa katika karne ya 16. Nakala yake iliyotufikia iliandikwa Zanzibar katika karne ya 19, ikachapishwa na Strong mwaka 1895. Toleo la Kiswahili lilikusanywa na Mjerumani Carl Velten, akalichapisha mwaka 1907.

Matoleo haya yanahitilafiana sana. La Kiarabu lasema kwamba mfalme wa Shirazi aliondoka pamoja na wanawe sita kwa majahazi saba, na kila jahazi likatia nanga mahali pake, moja Mombasa, jingine Kisiwa cha Kijani, yaani Pemba, jingine Kilwa, na jingine Nzuwani. Barros asema kwamba Ali alikuwa mmoja wa wana saba wa mfalme, na kwamba ndugu zake walimdharau kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Toleo la Kiswahili halina habari hizo. Lamtaja Ali bin Selimani, mfanyabiashara aliyefika na jahazi lake. Hapana shaka kwamba idadi ya saba ni idadi ya kihadithi, na mwenye kutaka kuhesabu majahazi hayo atapoteza wakati wake.

Lakini yako mambo ambayo hayabadiliki. Katika matoleo yote matatu kisiwa kina mwenyewe. Katika yote mgeni hakitwai kwa upanga, bali hukinunua kwa nguo. Na kwa mujibu wa toleo la Kiarabu nguo hizo zilitakiwa zitoshe kukizunguka kisiwa chote. Tena toleo hilo lina habari ambayo wasomaji wengi wameipita haraka: wageni walipofika walimkuta Mwislamu pamoja na watoto wake, na msikiti ulikuwapo tayari. Yaani mwandishi aliyekusudia kuutukuza utawala wa Washirazi alikiri mwenyewe kwamba Uislamu haukuja na jahazi lao. Mwandishi anapohifadhi habari isiyomfaa, twapaswa kuipa uzito zaidi.

Toleo la Kiswahili laongeza jambo la tatu. Mgeni alimwoa binti wa Mzee Mrimba, mwenye kisiwa. Mrimba alihamia bara, na mtoto aliyezaliwa katika ndoa ile alipokua alikwenda kumzuru babu yake mzaa mama, naye babu akamwachia mamlaka yake. Kwa hiyo uhalali wa mtawala wa pili wa Kilwa una miguu miwili: mmoja ni nguo za baba, wa pili ni urithi wa mama.

Mfano huu si wa Kilwa peke yake. Katika habari za Pate, Mnabhani aliyetoka Oman alimwoa binti wa mfalme wa mji, naye akapewa ufalme na mkwewe. Huku kwetu Mombasa wazee humtaja kwanza mwanamke, Mwana Mkisi, malkia wa mji wa kale wa Kongowea, kabla ya kumtaja Shehe Mvita ambaye ukoo wake huhesabiwa kuwa wa Kishirazi. Hadithi zetu, basi, hazikumsahau mwenyeji. Aliyemsahau ni msikilizaji.

Ushahidi wa ardhini

Kwa muda mrefu wanahistoria wa kigeni waliichukua hadithi ya Washirazi kama ilivyo, wakaijengea juu yake picha ya makoloni ya Waajemi yaliyoleta ustaarabu katika pwani isiyokuwa na mji. Pigo la kwanza kwa picha hiyo lilitoka kwa Neville Chittick, aliyefukua Kilwa. Katika makala yake ya mwaka 1965 alitoa rai kwamba utawala wa Kishirazi ulianza Kilwa mwishoni mwa karne ya 12, si mapema kama ilivyodhaniwa, na kwamba waliouanzisha hawakutoka moja kwa moja Uajemi, bali walihamia kutoka pwani ya Banadir, katika Somalia ya leo. Hoja yake mojawapo ilikuwa sarafu nyingi za shaba zilizopatikana Kilwa na Mafia, zenye jina la Ali bin al-Hasan.

Lakini mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2000 za fedha za watawala wa pwani, pamoja na chache za dhahabu kutoka nchi za ng'ambo. Zile za dhahabu zilijulikana miaka yake, na hakuna iliyopita karne ya 11. Miongoni mwa zile za fedha lilikuwamo jina la Ali bin al-Hasan. Mtawala huyo, basi, hakuweza kuwa wa mwisho wa karne ya 12. Ilibidi asogezwe nyuma zaidi ya miaka 100. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yaingia vizuri katika zama hizo. Katika jambo la wakati, hadithi ilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko wakosoaji wake wa kwanza.

Hata hivyo ardhi haikuipa hadithi ushindi mtupu. Mark Horton alipofukua Shanga, katika kisiwa cha Pate, kuanzia mwaka 1980, alikuta msikiti chini ya msikiti, na wa chini kabisa ulikuwa mdogo, wa miti na udongo, wa karne ya 8. Vyungu vya wakazi wa kwanza vilikuwa vya aina iliyofinyangwa pwani na bara vilevile. Bidhaa za ng'ambo zilikuwapo, lakini zilikuwa chache kando ya kazi ya mikono ya wenyeji. Mji ulikua hatua kwa hatua, kutoka udongo hadi matumbawe, bila ya mkato unaoonyesha kwamba watu wapya walikuja wakauanzisha upya. Kwa ufupi, mji ulitangulia, na msikiti ulitangulia, kama alivyokiri mwandishi wa Kitab al-Sulwa. Mshirazi alikuja baadaye.

Tuongeze jambo moja la kijiografia. Shirazi si bandari. Ni mji wa bara, mbali na Ghuba. Bandari yake kubwa katika zama zile ilikuwa Siraf, na mabaharia waliofika kwetu kutoka upande huo walipanda majahazi katika bandari kama hiyo. Mtu anayesema "nimetoka Shirazi" huenda anataja mji mkuu uliojulikana, kama vile mtu wa kijijini akiwa ugenini anavyosema ametoka Nairobi. Huo si uongo, ila si anwani pia.

Ushahidi wa lugha

Sisi walimu wa lugha tunao ushahidi wetu. Utafiti wa Derek Nurse na Thomas Spear, uliotoka mwaka 1985, na ule wa Nurse na Thomas Hinnebusch wa mwaka 1993, uliweka wazi kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kingazija katika tawi la Kibantu liitwalo Sabaki. Undugu huo hauonekani katika maneno machache tu. Uko katika mifupa ya lugha, yaani ngeli, viambishi vya vitenzi na mabadiliko ya sauti yanayofuata kanuni. Aidha maneno ya nyumbani ni ya Kibantu: mama, mtoto, moto, maji, chungu, kinu na mchi.

Kiajemi nacho kimeacha alama. Nahodha, bandari na dirisha ni maneno yenye asili hiyo. Na sikukuu ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, hufuata kalenda ya jua ambayo siku yake ya kwanza huitwa Nairuzi, jina lile lile la mwaka mpya wa Kiajemi. Lakini tukiyatazama maneno hayo tunaona kwamba ni ya jahazini, ya gatini na ya nyumba ya mawe. Hayakuingia jikoni wala kitandani kwa mtoto mchanga. Tena mengine yaweza kuwa yalipitia Kiarabu au vinywa vya mabaharia wa mataifa mengi, kwa hiyo mkopo wa neno hauthibitishi peke yake ndoa wala makazi.

Hata hivyo mpangilio wake una maana. Lau Waajemi wangalikuja kwa familia nzima, mume na mke na watoto, tungalitarajia kukuta Kiajemi hata katika maneno ya malezi. Ikiwa, kwa upande mwingine, wachache walikuja bila ya wake wakaoa huku, watoto wao wangalijifunza lugha ya mama, na baba angaliwaachia majina, dini, na maneno ya kazi yake. Lugha tuliyo nayo inaafikiana na hali hii ya pili. Zamani wengi wetu tulisema: lugha ni ya Kibantu, kwa hiyo hadithi ya Mshirazi ni ya kubuni. Hitimisho hilo halikufuata kutokana na ushahidi. Lugha ilithibitisha mama ni nani; haikusema lolote juu ya baba.

Ushahidi wa mifupa

Mwezi wa Machi mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa kundi kubwa la wataalamu, miongoni mwao Esther Brielle, David Reich na mwanaakiolojia wa Kenya Chapurukha Kusimba. Walichunguza chembe za urithi za watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, ikiwamo Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, pamoja na mji mmoja wa bara. Makaburi ya pwani yalikuwa ya kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi.

Matokeo yalikuwa haya. Wengi wa wafu hao wa pwani walikuwa na asili iliyochanganyika ya Afrika na Asia, na mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000, zama zile zile za sarafu za Mtambwe Mkuu. Sehemu ya Asia ilitoka zaidi Uajemi, pamoja na kiasi kidogo cha Bara Hindi. Mchango wa Arabuni ulizidi baada ya mwaka 1500. Lakini lililo muhimu kwa hoja yetu ni kwamba urithi upitao kwa mama peke yake ulikuwa wa Kiafrika karibu wote, na ule upitao kutoka baba kwenda kwa mwana wa kiume ulikuwa kwa wingi wa Asia. Yaani wanaume walikuja, wakaoa wanawake wa hapa, na watoto wakakua katika lugha na desturi za mama zao.

Yatupasa tuwe waangalifu mahali hapa. Wengi wa waliofukuliwa walizikwa katika makaburi ya watu wenye nafasi, karibu na misikiti. Hawawakilishi wavuvi, wakulima na watumwa wa miji hiyo. Tena utafiti huo huo uliona kwamba Waswahili wa leo hawana kiasi kimoja cha urithi huo, na baadhi yao wanao kidogo sana, kwani miji yetu imepokea watu kila karne. Mifupa ya Manda haiwezi kuthibitisha nasaba ya nyumba yoyote ya Mombasa, hata yangu. Aidha hakuna chembe ya urithi iwezayo kutuambia kwamba baba wa Ali alikuwa mfalme wa Shirazi.

Hitimisho

Sasa twaweza kuligawa swali letu na kulijibu. Je, wanaume kutoka Uajemi walifika pwani yetu kiasi cha miaka 1000 iliyopita, wakaoa na kuacha uzao? Naam. Je, Ali bin al-Hasan alikuwa mtawala wa kweli? Naam; sarafu zake tunazo. Je, alikuja na majahazi saba? Hayo ni mapambo ya msimuliaji. Je, Washirazi waliianzisha miji ya pwani, lugha yake na Uislamu wake? La. Ardhi yakataa, lugha yakataa, na hadithi yenyewe, ikisomwa kwa makini, yakataa.

Funzo la pili ni la utaratibu wa utafiti. Nasaba zetu zina umbo la mwana bin baba. Umbo hilo si uongo, ila ni kama ukurasa ulioandikwa upande mmoja. Upande wa pili uliandikwa mahali pengine: katika lugha tuisemayo, katika vyungu, na katika miili yetu. Kosa la wakoloni lilikuwa kuusoma upande wa baba wakafikiri ndio ukurasa mzima. Kosa la baadhi ya wasomi waliowajibu lilikuwa kuusoma upande wa mama wakadai kwamba ule wa kwanza ni mtupu. Mtu anayeambiwa leo kwamba si mwenyeji kwa sababu babu yake alikuja kwa jahazi anaweza kujibu, kwa ushahidi, kwamba bibi yake alikuwa amesimama ufukweni jahazi lilipofika.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wetu wanaokwenda nyumbani wakati wa likizo kukusanya simulizi: wakishaandika majina ya wanaume waulize swali la pili, waandike na jibu lake, hata likiwa fupi. Wawaulize hasa akina bibi, ambao wanajua nani aliozwa wapi, nani alinyonyeshwa na nani, na kiwanja kipi kiliingia katika ukoo kwa njia ya mke. Elimu hiyo haimo sandukuni, na kila mwaka tunazika sehemu yake.

Bibi yangu hakuwa na jina hata moja la wake wale. Jina ndilo nililokuwa nikilitafuta, na kwa kuwa sikulipata nilidhani sikupata kitu. Lakini alikuwa na habari moja juu yao, naye aliitoa bila ya shaka yoyote: walikuwa wa hapa hapa. Wataalamu wa sarafu, vyungu, ngeli na mifupa wamefika mahali hapo hapo kwa njia ndefu zaidi.